Jumatano ni ya Watu Wazima

Warigia alifuma sweta. Kazi hiyo ndiyo iliyosaidia kulisha nyumba yake hapo Ruring'u, karibu na mji wa Nyeri. Alikuwa na mashine ya kufuma, ndefu na nyembamba, yenye sindano nyingi zilizojipanga kama meno ya kitana. Aliiweka juu ya meza karibu na dirisha, mahali penye mwanga. Kila asubuhi, watoto wake wanne wakishaenda shule na mumewe Simeon akishaenda kazini, Warigia alikaa kwenye mashine. Krrr, kwenda. Krrr, kurudi. Majirani walizoea sauti hiyo. Wakiisikia, walijua kwamba Mama Mutahi yuko kazini. Mutahi alikuwa mtoto wake wa kwanza, na watu wengi walimwita kwa jina la mtoto huyo.

Mwaka wa 1977, mwezi wa saba, baridi ilikuwa kali. Ukungu ulificha mlima siku nyingi mfululizo. Huo ni mwezi ambao kila mtu Nyeri anataka sweta, na Warigia alikuwa na kazi tele. Lakini mwili ulikuwa umeanza kumkataa. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na alijiona kama ajuza.

Kwanza ilikuwa kiu. Alikunywa maji asubuhi, akanywa tena kabla chai haijachemka. Alikwenda chooni mara nyingi mpaka akaona aibu kutembelea watu. Kisha nguvu zikaisha. Akifuma mgongo mmoja wa sweta, ilimbidi alale kidogo. Sketi zake zilianza kumteleza kiunoni, akazifunga kwa pini.

Mwenye duka jirani alimtazama akasema, "Mama Mutahi, wewe huna damu. Kunywa glukosi. Hiyo inarudisha nguvu."

Warigia akanunua kopo la glukosi. Alikoroga vijiko vitatu katika kikombe cha maji, asubuhi na jioni. Siku za joto kidogo alinunua soda. Akinywa, alijisikia vizuri kwa muda mfupi. Kisha kiu ilirudi, na safari hii ilikuwa kubwa zaidi. Naye akaongeza kijiko cha nne.

Mwishowe ugonjwa ukafika machoni.

Siku moja alitazama sindano za mashine, akaona zimeshikana. Hakuona sindano moja moja. Aliona mstari mmoja wa kijivu. Akafuta macho kwa kitambaa, akatazama tena. Mstari ulikuwa uleule. Hakumwambia mtu. Aliendelea kufuma kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

Baada ya wiki mbili, mwalimu Wamae, mwalimu mkuu wa shule ya msingi jirani, alikuja na gunia mkononi. Alilifungua mezani. Ndani mlikuwa na sweta kumi na moja za wanafunzi.

"Mama Mutahi, sitaki ugomvi," alisema kwa upole. "Lakini tazama. Hii iko na shimo hapa. Hii nayo mkono mmoja ni mrefu. Kazi yako haikuwa hivi."

Warigia alichukua sweta moja, akaigeuza. Hakuliona shimo. Alilipata kwa kidole.

"Nitazirudia, mwalimu," alisema.

"Una shida gani?"

"Ni baridi tu. Mikono inakufa ganzi."

Mwalimu alipoondoka, Warigia alikaa chini sakafuni na kulia. Aliwaza, "Ninakuwa kipofu. Mfumaji kipofu atakula nini?"

Jioni hiyo alimwambia Simeon. Simeon alikuwa kibarua wa ujenzi, mtu wa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

"Na hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Hospitali watanilaza. Watoto watabaki na nani? Na daktari wa mjini, yule wa kulipwa, tutamweza?"

Simeon aliitazama pini iliyoshika sketi ya mkewe. Alikuwa ameona jinsi mkewe alivyokonda. Alikuwa ameogopa, lakini hakujua aanze vipi kusema.

"Kama macho yameisha, tuuze mashine," alisema hatimaye. "Kuna mama huko Karatina anatafuta mashine kama hii. Kibarua mwenzangu anamjua. Tukingoja, itakaa tu na kushika kutu. Tutafungua kibanda cha mboga. Mboga unaweza kuuza bila kuona vizuri."

Warigia aliigusa mashine kwa kiganja. Ile mashine aliinunua kwa jasho la miaka mitano ya kuchuma kahawa ya watu. Lakini watoto walihitaji kula. Simeon akapeleka habari Karatina. Jibu lilikuja kwamba yule mama angefika Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Warigia alikuwa na uzi ambao alikuwa hajaufungua. Jumatatu aliufunga kwenye kikapu, akaupeleka mjini Nyeri kwenye duka alikoununua. Mwenye duka aliitwa Marwo. Alikuwa mama Msomali, Mwislamu, aliyehamia Nyeri kutoka Nanyuki pamoja na mumewe. Wateja walimwita Mama Warfa. Alikuwa mnene kidogo, mcheshi, na mkali kwa watu wanaopapasa uzi kwa mikono michafu.

"Umenirudishia uzi?" Marwo alishangaa. "Mwezi wa saba? Watu wanapigania uzi huu!"

"Sifumi tena, Mama Warfa. Macho yamekataa. Lakini kwanza, tafadhali, niko na kiu. Naomba maji."

Marwo alimpa kikombe. Warigia akakimaliza. Marwo akajaza tena, akakimaliza. Alipoomba cha tatu, Marwo aliweka birika chini na kumtazama vizuri, kuanzia kichwani mpaka kwenye ile pini ya sketi.

"Kaa hapo," alisema. "Sasa nijibu kama dada yako. Kiu hii, ni ya leo tu?"

"Ni ya kila siku."

"Na kukojoa?"

Warigia aliinama. "Kila saa."

"Umekonda, na unakula?"

"Ninakula sana. Sijui chakula kinaenda wapi."

"Swali la mwisho. Usinicheke. Choo chenu kina sisimizi?"

Warigia aliinua kichwa kwa mshangao. "Wamejaa! Nimemwaga majivu mara ngapi! Wewe umejuaje?"

Marwo alivuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Mimi walinishtaki sisimizi wale wale, miaka minne iliyopita, huko Nanyuki. Mama, huo pengine ni ugonjwa wa sukari. Sukari inajaa kwenye damu, mwili unashindwa kuitumia. Inatoka na mkojo. Sisimizi wanaifuata. Mimi ninao ugonjwa huo, na unaniona hapa ninauza uzi na kugombana na watu."

"Sukari?" Warigia alishika mdomo. "Mimi nimekuwa nikinywa glukosi ili nipate nguvu."

"Ulikuwa ukimwaga mafuta ya taa motoni, dada. Wacha leo hii. Lakini usichukue neno langu. Mimi nauza uzi. Nenda upimwe. Nenda kliniki ya Gatitu, Jumatano. Mimi ndiko ninakoenda."

"Ati kliniki? Kliniki si ni ya kupima watoto? Nitasimama pale na miaka arobaini, nimebeba nani mgongoni?"

Marwo alicheka mpaka akafuta machozi. "Watoto wana Jumatatu na Ijumaa. Jumatano ni ya watu wazima. Ile kliniki ilijengwa kwa harambee. Kamati ya wananchi ndiyo inaiendesha, kwa hivyo malipo ni madogo. Unanunua kadi kwa shilingi mbili. Dawa unalipia kidogo. Kama huna kabisa, unaiambia kamati, na hawakufukuzi. Nimeona kwa macho yangu. Na hawalazi mtu. Anayehitaji kulazwa wanamwandikia barua aende hospitali kubwa."

Alikisukuma kikapu cha uzi kwenye miguu ya Warigia.

"Uzi huu siupokei leo. Urudishe ukishapimwa."

Siku ya pili jioni, Warigia alimweleza Simeon. Simeon alikuwa akivua viatu vyenye udongo.

"Sasa sisimizi ndio madaktari?" alisema.

"Ninaenda kupimwa, Baba Mutahi. Si kulazwa. Nitarudi kabla hujarudi."

"Na wakikuambia ni kitu kibaya?"

Hapo Warigia alielewa kwamba mumewe hakukataa kliniki. Aliogopa majibu. Na yeye mwenyewe aliogopa vilevile.

"Wakiniambia, tutajua," alisema.

Simeon akaendelea kuvua viatu. Lakini asubuhi, alipotoka kwenda kazini kwenye manyunyu, aliacha mwavuli wake wa pekee mlangoni.

Warigia alitembea polepole mpaka Gatitu, akipumzika njiani. Kliniki ilikuwa nyumba ya mbao yenye paa la mabati, imepakwa rangi nyeupe juu na kijani chini. Watu walikaa kwenye mabenchi barazani. Kulikuwa na mzee mwenye mguu uliofungwa bendeji, mchuma chai aliyekohoa kwenye leso, na mama mmoja aliyeshika kisogo kwa sababu ya kichwa kuuma. Hakuona mtoto hata mmoja. Warigia akashusha pumzi.

Muuguzi alitoka na kadi mkononi. Kila mtu alimwita Sista Wacera.

"Wewe ni mgeni? Karibu, mama. Jina?"

"Warigia, Mama Mutahi."

"Mtu amekutuma au umekuja mwenyewe?"

"Mama Warfa, wa duka la uzi."

"Aha, Mama Warfa!" Sista alitabasamu. "Huyo ametuletea watu sita."

Alimpima uzito. Alimfunga mkononi kitambaa cha kupima presha, akakijaza hewa. Kisha akampa kikopo kidogo na kumwonyesha choo.

"Nataka mkojo kidogo tu. Usione haya. Hapa tunauona kila siku."

Warigia aliporudi na kikopo, Sista Wacera hakumficha kitu. Alimwita karibu na meza. Alimimina dawa ya rangi ya bluu katika bomba dogo la kioo. Akadondosha matone machache ya mkojo ndani yake. Akawasha taa ndogo ya spiriti, akalipasha bomba moto huku akilitikisa.

"Tazama rangi," alisema. "Ikibaki bluu, hakuna sukari kwenye mkojo. Ikigeuka kijani, iko kidogo. Ikienda njano, imezidi."

Bluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Njano haikusimama. Ikawa rangi ya chungwa, kisha nyekundu ya tofali. Hata macho yale mabovu ya Warigia yaliiona.

"Ni mbaya?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni nyingi," Sista alisema. "Twende kwa daktari."

Bwana Muriithi alikuwa msaidizi wa daktari, lakini watu wote walimwita daktari. Alisoma kadi, akamuuliza Warigia maswali mengi. Alimulika macho yake kwa tochi. Alimwambia avue viatu, akatazama nyayo na katikati ya vidole.

"Mama Mutahi," alisema, "huu ni ugonjwa wa sukari. Nitakueleza bila kuzunguka. Hauambukizi. Hukurogwa, na hujafanya dhambi yoyote. Lakini pia hauishi. Hatuna dawa ya kuufukuza kabisa. Tuna dawa ya kuufunga kamba. Ukishika kamba vizuri, utaishi na kufanya kazi kama wenzako. Ukiiacha, utaharibu macho, figo na miguu."

"Macho yangu tayari yameharibika. Sioni sindano za mashine."

"Pengine hayajaharibika. Sukari ikiwa nyingi, jicho lenyewe linavimba ndani kidogo. Unaona kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Sukari ikishuka, mvuke huondoka. Lakini inachukua wiki nyingi. Kwa hivyo usinunue miwani sasa. Utanunua ya jicho ambalo litabadilika."

Warigia alifinya ncha ya shuka alilojitanda mabegani. "Daktari, kuna mtu anakuja Jumamosi kununua mashine yangu. Nifanye nini?"

Bwana Muriithi aliweka tochi mezani.

"Siwezi kukuahidi macho. Nikikuahidi nitakuwa mwongo. Lakini kama mashine ingekuwa yangu, ningengoja miezi miwili."

Alimwandikia vidonge. "Kimoja asubuhi, pamoja na chakula. Usimeze halafu ushinde njaa. Ukihisi unatetemeka, jasho baridi linakutoka na moyo unakwenda mbio, ujue sukari imeshuka sana. Hapo, na hapo tu, ulambe sukari kidogo, kisha ule chakula. Na kila Jumatano ya pili, uje tupime."

Kabla ya kuondoka, Sista Wacera alimwita pamoja na wagonjwa wengine wawili wa sukari. Juu ya meza alikuwa ameweka sahani ya bati na vyakula vya kawaida vya nyumbani.

"Hakuna chakula cha kununua Nairobi hapa," alisema. "Nusu ya sahani, weka mboga. Sukuma wiki, kabichi, terere, managu. Robo, weka maharagwe au ndengu, au yai ukiwa nalo. Robo inayobaki ndiyo ya ugali au viazi. Githeri ni nzuri, lakini mimina maharagwe mengi kuliko mahindi."

"Na chai?" aliuliza mzee mmoja kwa wasiwasi.

"Chai kunywa. Sukari wacha."

"Sista, chai bila sukari ni maji ya kuoshea vyombo!"

"Wiki ya kwanza, ndiyo. Wiki ya tatu utakuwa umezoea. Soda wacha. Glukosi wacha. Na kila jioni muoshe miguu, mkaushe katikati ya vidole, mtazame kama kuna jeraha. Msitembee miguu mitupu shambani. Mguu wenye sukari unaweza kuchomwa na mwiba usihisi."

Warigia alirudi nyumbani na mwavuli, kadi na bahasha ya vidonge. Lile kopo la glukosi alilitupa kwenye shimo la takataka. Simeon aliporudi alimkuta akipika kabichi nyingi kuliko kawaida.

"Wamesemaje?" aliuliza akiwa bado amesimama mlangoni.

Alimweleza yote. Alimweleza juu ya ile rangi ya tofali, vidonge, sahani, miguu, na miezi miwili ya kungoja. Simeon alichukua bahasha ya dawa, akaigeuza mkononi, akairudisha mezani. Kisha akaketi kula. Habari ya mashine hakuigusa usiku huo, wala siku mbili zilizofuata.

Jumamosi yule mama wa Karatina alifika. Alikuwa amevaa koti zuri. Aliizunguka mashine, akajaribu mpini, akapapasa sindano.

"Mashine ni nzuri," alisema. "Nitaichukua leo."

Warigia aliushika ukingo wa meza. Chai ilikuwa ikimwagika jikoni na hakuisikia. Aliwaza, "Na kama macho hayatarudi? Tutakuwa tumekosa mnunuzi na kukosa kazi." Ndipo Simeon, aliyekaa kwenye kona, akasimama.

"Mama, utatusamehe kwa kukutoa Karatina bure," alisema. "Mashine haiuzwi."

"Haiuzwi? Si mlinitumia habari?"

"Tulikutumia. Lakini mwenye mashine anatibiwa. Amepewa miezi miwili. Tukishindwa, nitakuja Karatina mimi mwenyewe kukuambia."

Yule mama alikasirika kidogo, akanywa chai, akaondoka. Warigia alimtazama mumewe.

"Nilidhani hukuamini mambo ya kliniki."

"Mimi sijui kama ninaamini," Simeon alisema. "Lakini juzi nilitazama chooni. Wale sisimizi wako kweli."

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Chai bila sukari ilimchukiza Warigia. Watoto walilalamika juu ya kabichi, wakaambiwa wale au wafunge midomo. Kiu ilipungua upesi, hata kabla ya wiki ya pili. Usingizi ukawa mzuri kwa sababu hakuamka tena kwenda chooni kila mara. Lakini macho! Badala ya kupata nafuu, yalibadilika kila siku. Siku nyingine aliona mbali vizuri, na vya karibu vikapotea kabisa. Wiki ya tatu alishindwa hata kuona chembe za mchele akichambua.

Alikwenda kliniki akiwa na hasira.

"Mlisema yatarudi! Sasa yamezidi kuharibika!"

Sista Wacera hakumgombeza. Alipima mkojo kwanza. Rangi ilisimama kwenye kijani.

"Unaona?" alisema. "Ulianza na tofali, leo ni kijani. Sukari inashuka. Jicho nalo linarudi mahali pake, na likirudi linayumba. Daktari alikwambia wiki nyingi. Umekula vidonge kila siku?"

"Kila siku."

"Umekunywa soda?"

Warigia alisita. "Moja. Kwenye harusi."

"Asante kwa kusema ukweli. Nenda nyumbani, endelea hivyo hivyo. Ukiacha sasa, utakuwa umeacha katikati ya daraja."

Warigia aliendelea. Simeon hakumsaidia kwa maneno, alimsaidia kwa mikono. Alipalilia kipande cha managu na terere nyuma ya nyumba. Zile sweta kumi na moja, jirani mmoja aliyejua kushona kwa mkono alisaidia kuziba mashimo. Mwalimu Wamae alizipokea na kusema angengoja.

Ilikuwa wiki ya saba, siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Jua lilikuwa limetoka. Warigia alikuwa akipanguza vumbi kwenye mashine, kama alivyofanya kila siku ili isishike kutu. Kitambaa kilipita juu ya sindano. Akasimama. Aliona sindano moja. Kando yake akaona nyingine, na katikati yao nafasi. Aliinama karibu. Aliona hata kile kindoano kidogo kwenye ncha.

Alianza kuzihesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu." Alipofika arobaini alikuwa akilia, na machozi yakafanya sindano zishikane tena, akacheka peke yake. Akavuta kiti. Akapitisha uzi mara ya kwanza, bila kupapasa. Krrr, kwenda. Krrr, kurudi. Jirani wa ukutani aliita kutoka uani kwake, "Mama Mutahi, ni wewe?"

"Ni mimi!" alijibu kwa sauti kubwa. "Ni mimi!"

Jumatano iliyofuata Simeon hakwenda kazini. Alivaa koti lake la kanisani, akafuatana na mkewe mpaka Gatitu. Alikaa barazani, magoti pamoja, kofia mapajani. Sista Wacera alipowasha taa ya spiriti alimwita na yeye atazame. Bomba lilichemka. Simeon alikodoa macho. Bluu ilibaki bluu.

"Sasa huu ugonjwa umekwisha?" aliuliza.

"Haujaisha," Bwana Muriithi alisema. "Umefungwa kamba. Kamba inashikwa na mama, na wewe unamsaidia. Vidonge visikatike, na kuja kupimwa kusikatike. Watu wengi wakipona macho hutuacha. Mwaka mmoja baadaye wanarudi na kidonda cha mguu."

"Hatakatisha," Simeon alisema.

Walirudi nyumbani. Warigia alipakua githeri yenye maharagwe mengi, na managu kando. Walikula wawili, watoto wakiwa bado shuleni. Simeon alikula vijiko vichache, kisha akaweka sahani chini.

"Nataka kukuambia kitu," alisema. "Mwezi wa saba nilikwenda Wamagana kwa kaka yangu. Nilikuambia ninakwenda kuona ng'ombe."

"Nakumbuka."

"Sikwenda kuona ng'ombe. Nilikwenda kumuuliza kama atanisaidia watoto. Nilikuona unavyoisha, na nilijua utakufa. Nilikuwa nimekwisha kukuzika moyoni, na wewe uko hapa nyumbani unafuma."

Warigia alimtazama. Aliona mikunjo midogo kando ya macho ya mumewe, na vumbi jeupe la saruji ambalo halikutoka hata alipooga. Kwa miezi mingi hakuwa ameuona uso huo vizuri.

"Na kaka yako alisemaje?"

"Alisema atawachukua wawili."

"Wawili gani?"

Simeon alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa. Warigia naye akacheka, akashika tumbo. Walicheka kwa muda mrefu, kama watu waliotua mzigo mkubwa njiani, mpaka Simeon akafuta macho kwa mkono wa koti lake la kanisani.

"Kula," Warigia alisema. "Githeri inapoa."

Simeon akachukua sahani yake. "Na ile Jumatano nyingine nitakupeleka tena."

"Hunipeleki. Tutaenda pamoja, na wewe ununue kadi yako. Una miaka arobaini na minane, na hujapimwa hata presha."

"Mimi siumwi."

"Ndiyo," Warigia alisema, akamwongezea managu. "Utaenda hivyo hivyo."